Ukosi wa Meno Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari. Sababu ni moja: Kikosi kimenikubalia nitengeneze deraya, yaani vazi la vita, ya Mlinda Lango. Nilisoma ujumbe ule mara nne nikiwa nimeshika meno ya mtu mkononi, nusura niyadondoshe. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Naliandika hilo mapema ili atakayelikuta daftari hili asinione mwendawazimu.

Mlinda Lango ni mhusika wa tamthilia ya televisheni iliyokatwa miaka kumi na moja iliyopita, sehemu kumi na mbili tu, watu wakasahau. Sisi hatukusahau. Kikosi ni watu kumi na wanane wanaotengeneza mavazi ya vita ya tamthilia ile na kuyavaa, kila kitu kama kilivyo kwenye picha, hadi mikwaruzo. Ukisema "inafanana" wanakuangalia kama umetukana. Mlinda Lango wao amehamia mbali. Tarehe 7 Juni wataandamana kwenye ukumbi wa maonyesho, na Mlinda Lango ndiye anayetangulia mbele ya wote. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kuchaguliwa hata kuvuta kamba shuleni. Naitaka nafasi hii mno, na mama sijamwambia ni kiasi gani.

Jumapili, 9 Machi

Dada Rula amekuja kunipima. Kikosi kimempa yeye anilee mpaka siku ya ukaguzi wa deraya. Ni mchoraji wa ramani za nyumba, na rula haitoki kwenye mkoba wake, ndipo jina lilipotoka. Mimi tayari wananiita Meno.

Alipima kifua, mikono, kichwa. Shingo aliipima mara mbili, akaandika, akaipima tena. Nikamuuliza kama nina shingo ya ajabu. Akacheka: "Nzuri tu. Nataka nisikosee." Mama akamlazimisha kula na Dada Rula akala bila kujivunga, akaosha na sahani. Alipoondoka mama akasema, "Huyu amelelewa. Wale wengine wako wa kazini hata salamu hawajui."

Ameniachia karatasi za vipimo zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Sharti ni moja: nisimpe mtu, nisizipige picha. Nimeapa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimenunua mikeka minne ya sponji ngumu, ile ya mazoezi. Muuzaji ameniuliza nafungua wapi jimu.

Jumapili, 16 Machi

Sponji ukiipasha kwa kikausha nywele inalainika, unaikunja unavyotaka, ikipoa imegoma hapo hapo. Kikausha ni cha mama. Gundi ni ya viatu na nyumba nzima inanuka kama kwa fundi viatu. Mama kahamishia redio yake barazani. Dada Rula amepita tena kula; anasema atakuja kila Jumapili akipata nafasi.

Jumapili, 23 Machi

Bamba la kifua limekwisha! Nimelipiga msasa siku tatu. Nimetuma picha kwenye kundi na wote wakanijibu, mmoja mmoja, hata Kobe, mwenyekiti wetu, ambaye husoma kila kitu na hajibu chochote. Kobe kaandika: "Safi." Dada Rula kaandika: "Mikono ya dhahabu."

Nimeusoma huo wa dhahabu mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima.

Jumapili, 30 Machi

Leo ukosi, yaani ile kola ya chuma inayozunguka shingo. Karatasi inasema kimo cha sentimita tisa kwa mbele. Nimekata tisa. Nilipouvaa, kidevu kikakaa juu yake kama mtoto anayechungulia dirishani. Siwezi kugeuza kichwa, nikitaka kutazama kando lazima nigeuke mwili mzima.

Nimempigia Dada Rula. Akasema, "Vumilia, Meno. Ndivyo ulivyo. Hata mwigizaji mwenyewe alilalamika."

Basi. Kama yeye alivumilia na kamera zinamtazama, mimi ni nani?

Jumatano, 2 Aprili

Kidevu kimechubuka. Kazini wameniuliza nimebusu zege wapi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua haijakatika siku ya nne. Nimevaa ukosi saa nzima ndani ya nyumba ili nizoee. Mama alinitazama nikipita jikoni, akanitazama nikirudi.

"Umemeza rula ya yule dada?"

"Mama, nadhani shingo yangu ni fupi."

"Shingo yako ni ya baba yako, na yeye kola zake zilikuwa zinamtosha."

Lakini nimejitazama kwenye kioo muda mrefu, na naona kweli ni fupi. Sikuwahi kuiona hivyo kabla.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na jino.

Katika sehemu ya tisa Mlinda Lango anatabasamu, mara moja tu katika tamthilia nzima, pale mtoto wa muuza chumvi anapomuuliza kama ana jina. Leo mchana, saa ya chakula, nilikuwa naitazama sehemu hiyo kwenye kompyuta ya maabara yetu ya meno. Nikaisimamisha hapo kwenye tabasamu. Miaka yote nimetazama deraya. Leo, kwa mazoea ya kazi, nikatazama meno.

Jino la mbele la juu la mtu mzima nalijua kuliko kiganja changu. Upana wake milimita nane na nusu hivi, kidogo juu, kidogo chini. Natengeneza kumi kwa wiki. Nikachukua kipimo, nikapima jino lake pale kwenye kioo, halafu nikapima ukosi chini yake. Ukosi ni meno tisa. Nikapima tena. Meno tisa. Nikazidisha: sentimita saba na nusu, na ushee wa kujikuna. Nikatafuta sehemu ya pili, pale anapopiga kelele kwenye mvua, meno yako wazi. Nikapima. Meno tisa.

Karatasi inasema sentimita tisa. Karatasi imekosea kwa sentimita moja na nusu!

Shingo yangu haina tatizo lolote. Nilitaka kupiga vigelegele mle maabara. Kikosi kizima kimekuwa kikitumia kipimo kibovu miaka yote, na mimi, mgeni, Meno, nimekiona kwa sababu ya kazi yangu ya meno. Niliporudi nyumbani nilikata ukosi mpya wa saba na nusu. Nimeuvaa. Nimegeuza kichwa kushoto, nimegeuza kulia. Nimemwona mama amesimama mlangoni bila kugeuka mwili.

"Sasa unaonekana mtu," akasema.

Kesho asubuhi nawatumia wote.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeandika ujumbe mrefu na picha nne na mistari nyekundu. Nimeeleza jino, nimeeleza hesabu.

Wa kwanza kujibu alituma picha ya mswaki. Wa pili akauliza kama nitawapima na farasi, nao wana meno. Kisha wakafuatana, kicheko juu ya kicheko. Kobe, ambaye hajibu, akajibu: "Tuiamini karatasi ya miaka saba au tuyaamini meno?" Watu kumi na wanne wakaipenda. Nimewahesabu.

Dada Rula hakuandika kitu kwenye kundi. Alinitumia mimi peke yangu: "Usijibu. Nakuja kesho."

Jumapili, 13 Aprili

Amekuja amelowa, mwavuli umepinduliwa na upepo. Nilikuwa nimeuweka ukosi mpya mezani tayari, na kompyuta iko kwenye tabasamu. Nikampa kipimo apime mwenyewe. Hakukipokea.

"Meno, nisikilize. Picha ikipitia kamera inabadilika. Lenzi inavuta, inabana. Wewe unapima mwanga, hupimi kitu."

"Lakini jino na ukosi viko pamoja, lenzi ikivuta inavuta vyote."

Akaniangalia. Nilijua nimesema la maana kwa sababu alichelewa kujibu. Halafu akanishika mkono.

"Ukaguzi umebaki wiki mbili. Ukienda na ukosi huu, wanakurudisha. Nakuomba kama mdogo wangu. Fuata karatasi."

Mimi nimezaliwa peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniita mdogo wake. Nikamwambia sawa. Akasema, "Nipe huo, nitautupa mimi usikutie majaribuni," akauweka kwenye mkoba wake pamoja na rula.

Mama hakutoka chumbani mpaka alipoondoka. Akaniuliza, "Yule kakwambia hukuona ulichokiona?" Nikamjibu vibaya. Nimemwomba radhi baada ya chakula.

Jumamosi, 19 Aprili

Rangi ya fedha, tabaka la pili. Haikauki kwa unyevu. Kidevu nimekibandika plasta.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote, kwa utaratibu, kabla hasira haijanichanganya.

Ukaguzi ulikuwa kwenye ukumbi wa shule moja, madawati yamesukumwa ukutani. Kumi na wanane wote walikuwepo. Nilivaa deraya kamili. Kobe alikuwa na orodha, na ukutani wameweka picha kubwa ya Mlinda Lango. Unasimama, wanakuzunguka na chaki. Kila penye kosa wanaweka alama. Wakazunguka. Kifua, hakuna alama. Mabega, hakuna. Kofia, hakuna. Nilikuwa nasikia moyo wangu ndani ya sponji.

Kobe akaja mbele, akapima ukosi kwa rula, taratibu kama jina lake. Akachora msalaba wa chaki juu yake, akasoma kwa sauti:

"Ukosi. Umezidi sentimita moja na nusu."

Nikafikiri amekosea kusoma. Nikamtazama Dada Rula, lakini kwa ukosi ule ilibidi nigeuke mwili mzima, na nilipomaliza kugeuka wote walikuwa wanapiga makofi. Wanacheka. Mmoja ananipiga bega, "Karibu nyumbani, Meno!" Na Dada Rula anafungua mkoba, anatoa ukosi wangu. Ule niliokata mimi. Ameufunga utepe.

Kobe akanieleza, uso umejaa furaha, kama mtu anayekupa zawadi. Miaka saba iliyopita mtu mmoja alipewa karatasi za Kikosi akazipeleka kiwandani, deraya zao zikauzwa barabarani kama ndoo. Tangu hapo kila mgeni anapewa karatasi zenye kosa moja, na kila mmoja kosa lake. Kosa hilo likionekana popote, wanajua limetokea kwa nani. Msimu ukipita bila kuonekana, unaambiwa, unapewa kipimo cha kweli, umekuwa mtu wao. "Sote tumepita hapo," akasema. "Mimi yangu yalikuwa magoti."

Nikauliza: "Na siku ile ya meno?"

Kobe akacheka mpaka akashika tumbo. "Siku ile ulitutia tumbo joto! Hakuna mgeni aliyewahi kulikamata kosa lake mwenyewe. Tulikaa tunapigiana simu mpaka jioni tufanyeje."

Kumbe walikaa wakapigiana simu. Wote walijua niko sahihi, na wakanichagulia kicheko, na wale waliosema "safi", "hongera", "mikono ya dhahabu" walikuwa wananivika kilemba cha ukoka kila Jumapili, huku kidevu changu kinachubuka kwa kosa walilolichora wao. Nilisimama na msalaba wa chaki shingoni, nikatabasamu. Nimewapa tabasamu! Wamepiga picha.

Dada Rula alinisindikiza nje. Mvua ilikuwa imepungua. Akasema, "Nilikupima shingo mara tatu ili kosa lisikuumize sana. Sentimita mbili ungeshindwa kumeza."

Nimeiandika kama alivyoisema. Alidhani ananifariji.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuja. Nami sikumpigia. Mama ameniuliza kama amuwekee chakula. Nikamweleza yote. Akasema, "Amekula hapa Jumapili ngapi?" na akarudisha sahani moja kabatini.

Jumanne, 29 Aprili

Nimetengeneza meno ya juu ya bibi mmoja. Nimeyapima mara tano. Sikuamini mkono wangu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimerudi kwao. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia. Kobe aliuliza kama natembea tarehe 7 Juni, nikajibu ndiyo ndani ya dakika moja. Dada Rula akanitumia alama ya moyo. Nikautazama, nikamrudishia moyo.

Nilijiambia kwamba wote walipita huko, kwamba ni mzaha wa familia, kwamba wenye familia hutaniana. Nilijiambia mengi. La kweli ni kwamba nataka kutangulia mbele.

Jumamosi, 10 Mei

Kobe amenipa mgeni. Ndivyo utaratibu ulivyo: wa mwisho kuingia anamlea anayefuata, na anamchorea kosa. Wanamwita Msusi kwa sababu anasuka nywele. Ana sauti nyepesi na anashukuru kila baada ya maneno matatu. Anataka deraya ya Mpiga Baragumu.

Jumapili, 11 Mei

Nimechora kosa. Nimelikalia mchana kutwa. Sikutaka limuumize, nikapitisha mwili wote kichwani, nikachagua kikinga kiwiko, sentimita moja tu. Nilijiona mtu mwema.

Jioni nimesoma ukurasa wa tarehe 26 Aprili. Nimelifunga daftari haraka.

Alhamisi, 15 Mei

Msusi ametuma picha ya kifua. Kimepinda kidogo kushoto lakini kina bidii. Nimeandika: "Safi."

Jumamosi, 24 Mei

Msusi alinipigia saa tano asubuhi. Nyuma yake nilisikia wateja na mashine ya kukausha nywele.

"Dada Meno, samahani kukusumbua. Kiwiko. Nimekivaa jana kutwa nikizoee, leo mkono haupandi. Nina mteja hapa nimemsuka nusu, nasimama kila dakika. Ni mimi au ni kipimo?"

Nilijua anasuka nywele. Jina lenyewe linasema. Nikachagua kiwiko na bado nikajiona mwema.

"Dada? Labda mikono yangu ndiyo mifupi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, sakafuni hapo hapo pa sebule. Mama akachungulia akarudi. Nikamwambia, "Mikono yako haina kasoro. Ni kipimo. Punguza sentimita moja kwa ndani. Nilikosea mimi."

"Aa, dada, kila mtu anakosea! Asante. Asante sana kwa kweli."

Sikumwambia kwamba halikuwa kosa la bahati mbaya. Niliogopa. Nimesema nusu ya kweli, na nusu ile nyingine nimebaki nayo.

Jumatatu, 26 Mei

Saa sita mchana Msusi aliandika kwenye kundi, mbele ya wote, na maua mengi: "Namshukuru sana Dada Meno kwa kunirekebishia kipimo cha kiwiko. Sasa nasuka bila maumivu!!!"

Hakuna aliyejibu. Kundi ambalo huwa halinyamazi lilinyamaza saa nne nzima. Nilikuwa namimina plasta ya jasi kwenye kalibu ya taya la mgonjwa, simu iko mezani uso juu. Saa kumi na dakika kumi ikawaka.

Kwenye kundi letu, mtu akitolewa, simu humwonyesha aliyemtoa. Wasimamizi ni wanne. Nilitarajia Kobe. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya Kobe.

"Dada Rula amekuondoa."

Plasta ikaganda kwenye bakuli, nikaitupa na bakuli lake.

Jumanne, 27 Mei

Nimempigia mara moja. Akapokea, hilo namshukuru.

"Mbona wewe?" nikamuuliza.

"Nani mwingine? Nilikulea mimi. Wangesema nakulinda."

"Na ungenilinda ungepungukiwa nini?"

"Meno, mimi nina hawa watu tu," akasema.

Nikamwambia kwamba na mimi nilikuwa naye yeye tu. Akakata simu. Nililia hadi mama akanizimia jiko lililokuwa linaunguza chakula, akanikalia pembeni, akanishika shingo kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa.

Jumapili, 1 Juni

Haikunyesha wiki nzima. Nimepanga deraya ndani ya boksi la friji. Mama kauliza kama aiweke stoo. Nimesema bado.

Jumamosi, 7 Juni

Leo wameandamana. Sikwenda. Nilikwenda kazini ingawa si zamu yangu, nikachonga meno ambayo hayatakiwi mpaka Alhamisi. Najua walianza saa nne kwa sababu saa nne mkono wangu ulisimama wenyewe. Sijui nani alitangulia mbele. Labda pameachwa wazi.

Saa tisa Msusi akanitumia ujumbe:

"Dada Meno, nimekutafuta ukumbini sikukuona. Wanasema umejitoa mwenyewe. Mbona hukuniaga? Usiwe na wasiwasi na mimi, wamenipa Dada Rula ndiye anilee. Ni mtu mzuri sana! Kesho anakuja nyumbani kunipima upya."

Nimeandika jibu ukurasa mzima: kiwanda, karatasi, chaki, utepe, kila kitu. Nikafuta. Nimeandika kwamba Dada Rula ni mwongo. Nikafuta, maana kesho ataketi kwa Msusi, atakula, ataosha sahani, na nani ataniamini mimi niliyejitoa? Mara ya tatu nimeandika: "Kiwiko nilikichora vibaya makusudi. Niliagizwa, na nikakubali. Nisamehe. Dada Rula naye ataagizwa. Kila karatasi atakayokupa, ipime mwenyewe."

Huo nimeutuma. Ameusoma. Hajajibu.